Picha za karibu kabisa bila lenzi ya makro: geuza lenzi uliyonayo

Maswali ni yale yale. "Kaka, nina kamera na lenzi yake ya 18-55, nikilisogelea ua inakataa kushika fokasi, ninunue nini?" "Simu yangu imeandikwa makro lakini picha inatoka na ukungu, tatizo nini?" Nimekuwa nikimjibu mmoja mmoja. Leo naandika yote mahali pamoja, usome mara moja, kisha uchukue kamera utoke nje.

Jibu langu fupi: usinunue lenzi kwanza. Lenzi ya makro mpya ya kampuni kubwa inavuka milioni moja ya shilingi za Tanzania bila shida, na kinachomkwamisha anayeanza mara nyingi si lenzi. Ni mwanga, na mkono unaotikisika. Lenzi uliyonayo ukiigeuza, mbele ikawa nyuma, inaweza kukuza sawa na lenzi ya makro, au hata kuizidi. Hela itakayobaki ipeleke kwenye mwanga.

Mimi niliingia huku kwa ajili ya mahindi. Viwavijeshi vamizi walipoingia nchini mwaka 2017, kila kiwavi shambani alikuwa mtuhumiwa, na bwana shamba alitaka kuona vitu viwili: alama ya Y iliyopinduliwa usoni mwa kiwavi, na madoa manne meusi yaliyojipanga kama pembe za mraba karibu na mkia. Kwa macho matupu, kwa kiwavi mchanga, huoni kitu. Nilifunga lenzi ya milimita 50 kinyumenyume, nikalaza jani la hindi juu ya ndoo iliyofunikwa, nikainama. Kwenye kioo cha kamera ile Y ikajitokeza nyeupe, wazi kama chaki ubaoni. Kwa lenzi ile ile niliyokuwa napigia picha za harusi.

Kwanza ujue unatafuta ukubwa gani

Nadharia ni hii tu, wala si ndefu. Kitu kikiangukia kwenye sensa, kile kibati ndani ya kamera kinachopokea picha, kwa ukubwa wake halisi, tunasema moja kwa moja (1:1), na hapo ndipo makro ya kweli inapoanzia. Sensa za kamera nyingi za kuanzia zina upana wa milimita 22 hadi 24. Kwa hiyo piga picha ya rula. Milimita 22 hivi zikijaza picha kutoka ukingo hadi ukingo, umefika moja kwa moja. Zikionekana 11 tu, umekuza mara mbili. Lenzi ya 18-55 ikiwa imefungwa kawaida itakuonyesha sentimita sita na ushei, na ndiyo maana mchwa wako anatoka kama punje ya ufuta.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kamera yoyote inayobadilisha lenzi. Ya miaka 15 iliyopita inafaa kabisa.
- Lenzi moja: ya milimita 50, au ile ya 18-55 iliyokuja na kamera. Ukipata lenzi ya zamani ya kamera za mkanda, yenye ringi ya kuzungusha tundu (mlango wa kupitisha mwanga ndani ya lenzi) kwa mkono, hiyo ni bora zaidi. Helios 44-2 ya milimita 58, iliyokuwa ikija na kamera za Zenit, ni mfano mzuri. Ulizia kwenye studio za zamani za picha mjini kwako. Lenzi kama hizo hukaa kabatini bila kazi.
- Ringi ya kugeuzia lenzi. Upande mmoja ina kitako cha kamera yako, upande mwingine ina nyuzi za kuingia mbele ya lenzi panapofungwa filta. Ni bati na nyuzi tu, haina kioo wala umeme, kwa hiyo ya bei rahisi na ya bei ghali hazitofautiani katika picha.
- Flashi ya nje ya kurekebisha kwa mkono, hata iliyotumika.
- Karatasi nyeupe, boksi la maziwa au la nafaka, foili ya jikoni na selotepu.
- Mfuko wenye nusu kilo ya mchele au maharage, umeshonwa au umefungwa vizuri.
- Pampu ndogo ya mpira ya kupulizia vumbi.
- Rula na sarafu.

Kabla ya kununua ringi, angalia namba iliyoandikwa mbele ya lenzi baada ya alama ya Ø. Itakuwa 49, 52, 55, 58 au nyingine. Hiyo ndiyo saizi ya nyuzi, na watu wengi huichanganya na milimita za lenzi. Lenzi ya milimita 50 haina maana kwamba ringi yake ni 50. Canon 50mm f/1.8 STM, kwa mfano, inataka ringi ya 49, na ile ya kizazi kabla yake inataka 52.

Mbona kugeuza, na si njia nyingine?

Kwa sababu ndiyo ya bei ndogo inayotoa picha kali. Nyingine zipo, nazitaja haraka ili usichanganyikiwe ukiwa dukani.

Kuna mirija mitupu inayokaa kati ya kamera na lenzi, kwa kawaida mitatu kwa seti: milimita 13, 21 na 31. Ukiweka yote mitatu kwenye lenzi ya 50 unapita moja kwa moja kidogo. Ni kifaa kizuri, ila nunua yenye vipande vya shaba vya kupitisha umeme. Isiyo navyo inakunyima uwezo wa kubadilisha tundu la lenzi ukitumia kamera na lenzi za kisasa.

Kuna filta za kukuzia zinazouzwa kwa seti, +1, +2, +4, +10. Hizi sizipendi. Ni kioo kimoja kimoja, na ile +10 inaleta rangi ya zambarau na kijani pembeni mwa kila kitu cheupe. Ila kioo kama Raynox DCR-250, chenye nguvu ya dayopta 8, ni habari tofauti. Ukiwa na lenzi ndefu ya 55-250 au 70-300 unakibana mbele, tundu linaendelea kufanya kazi kama kawaida, na mdudu unampiga ukiwa mbali naye kidogo. Mimi ningekinunua baada ya flashi.

Hatua kwa hatua

1. Anzia mezani, na sarafu. Usianze na kipepeo. Chukua sarafu ya shilingi 500 yenye nyati, iweke juu ya meza karibu na dirisha. Haikimbii, haitikiswi na upepo, na mikwaruzo yake itakuonyesha mara moja kama fokasi imekaa au haijakaa. Jioni mbili tatu na sarafu zitakuokolea wiki nzima ya kufukuza wadudu.

2. Weka tundu la lenzi kabla hujaitoa. Hapa ndipo wengi wanapokwama, nenda taratibu. Lenzi ikishageuzwa, kamera haiwezi tena kuiambia ifungue au ifunge tundu.

Kama una lenzi ya zamani yenye ringi ya tundu, huna kazi: zungusha hadi 8, umemaliza.

Kama una Canon yenye kioo ndani (DSLR) na lenzi yake ya EF, ifunge kawaida, weka kamera kwenye M (kupanga mwenyewe), chagua tundu la f/8. Bonyeza na ushikilie kile kitufe cha kuangalia kina cha picha, pembeni mwa kitako cha lenzi. Ukiwa umekishikilia bado, zungusha lenzi uitoe. Itazame kwa mbele: utaona tundu limebaki dogo. Hivyo ndivyo litakavyokaa hadi uirudishe kwenye kamera.

Kama una Nikon na lenzi isiyo na ringi ya tundu, lenzi ikitoka tundu linajifunga hadi mwisho na utaona giza. Nyuma ya lenzi kuna kikono kidogo cha chuma. Kisukume taratibu, utaona tundu likifunguka. Kibanie katikati kwa kipande kidogo cha karatasi ngumu na selotepu. Usikilazimishe, kikipinda lenzi inakwenda kwa fundi.

Kwa kamera mpya zisizo na kioo ndani, za kampuni yoyote, ushauri wangu ni mmoja: tafuta lenzi ya zamani yenye ringi ya tundu. Lenzi zao zinaendeshwa kwa umeme mtupu, na utahangaika bure.

3. Funga lenzi kinyumenyume. Zima kamera. Elekeza mdomo wake chini ili vumbi lisianguke ndani. Skrubu ringi mbele ya lenzi kwanza, taratibu, nyuzi zishikane sawasawa, kisha funga ringi kwenye kamera kama unavyofunga lenzi yoyote.

Angalizo: sasa kitako cha lenzi, pamoja na vile vipande vya shaba na kioo cha nyuma, viko nje na vinatangulia mbele. Kioo cha nyuma hakikutengenezwa kukutana na mchanga wala mate ya mdudu. Chukua kifuniko cha nyuma cha lenzi, kitoboe katikati tundu kubwa, kifunge pale. Kinakinga, na kinatia kivuli kidogo kinachozuia mwanga wa pembeni usiingie ovyo.

4. Panga kamera. M, kasi ya shata (kipazia kinachofunguka mwanga uingie) 1/160 au 1/200, ISO (usikivu wa sensa kwa mwanga) 200. Piga picha katika RAW (faili ghafi) kama kadi yako ina nafasi. Kamera ikigoma kupiga, ingia kwenye menyu utafute sehemu inayoruhusu kupiga bila lenzi, uiwashe. Kamera inadhani haina lenzi kwa sababu hakuna inayoongea nayo.

Sababu ya f/8: ukikuza moja kwa moja, kina kinachoonekana vizuri ni chini ya milimita moja. Ukikuza mara mbili kinashuka hadi kama robo ya milimita, unene wa karatasi mbili au tatu. Mtu akisikia hivyo anakimbilia f/22 (namba ikikua, tundu linakuwa dogo) ili apate kina. Usifanye hivyo. Ukiwa karibu namna hii tundu linafanya kazi kama dogo zaidi ya namba yake. F/11 kwenye moja kwa moja ni sawa na f/22, na picha nzima inaanza kulainika. Kaa kati ya f/5.6 na f/11.

5. Sogea mpaka uone. Lenzi iliyogeuzwa ina umbali mmoja tu wa kuona vizuri, na ni mfupi: sentimita 4 hadi 6 hivi kutoka ukingo wa kitako. Ringi ya fokasi karibu haikusaidii kitu. Fokasi yako ni kiwiliwili chako. Weka jicho kwenye kamera, anza mbali kidogo, sogea mbele kama unayevuta mkeka, polepole, mpaka ukungu ufunguke.

Ukitumia 18-55 utagundua jambo la kushangaza: upande wa 55 unakuza kidogo, upande wa 18 unakuza sana, mara tatu na zaidi. Imekuwa kinyume kwa sababu lenzi yenyewe iko kinyume. Anzia 55. Ukiweka 18 siku ya kwanza hutaona kitu, utachoka, utaiuza kamera.

6. Tulia. Magoti, viwiko, chochote kinachogusa ardhi kiguse. Mfuko wa mchele uweke chini ya lenzi ukiwa chini, au juu ya tofali. Kwa mdudu aliye kwenye jani au bua kuna mbinu moja iliyonibadilishia kazi: mkono wa kushoto unashika bua lenyewe kati ya vidole viwili, na lenzi inalala juu ya mkono huo huo. Upepo ukivuma, bua, mkono na kamera vyote vinayumba pamoja. Umbali haubadiliki. Stendi ya miguu mitatu haiwezi kufanya hivyo, na kwa wadudu walio hai karibu siichukui kabisa.

7. Weka kamera sambamba na mwili wa mdudu. Kwa kuwa kina ni chembamba, kitumie vizuri. Panzi aliyesimama ubavu, kamera ikiwa sambamba naye, anaonekana kutoka kichwa hadi ncha ya bawa. Panzi yule yule ukimpiga kwa juu kwa pembe, utapata mgongo na ukungu. Ukiamua kumpiga uso kwa uso, kubali kwamba macho tu ndiyo yatakayokuwa makali, na hakikisha ni macho kweli. Mguu mkali na jicho lenye ukungu ni picha ya kufuta.

8. Piga nyingi ukiwa unasogea. Vuta pumzi, itoe nusu, shikilia. Sogea mbele milimita kwa milimita huku ukipiga. Katika kumi, moja au mbili zitakuwa zimeangukia palepale. Ndivyo ilivyo hata kwa waliobobea, wala haina maana kwamba umeshindwa.

Mdudu akiwa ametulia kabisa, hizo picha zilizoachana kidogo unaweza kuziunganisha baadaye kwa kompyuta ziwe moja yenye kina kirefu. CombineZP na PICOLAY ni programu za bure zinazofanya kazi hiyo. Lakini hilo liache hadi utakapokuwa unapata picha moja moja nzuri bila jasho.

9. Kagua papo hapo. Kuza picha kwenye kioo cha kamera hadi mwisho, tazama jicho. Usiamini picha ndogo; kila kitu ni kikali kikiwa kidogo.

Mwanga: hapa ndipo hela na muda wako viende

Ukikuza moja kwa moja unapoteza mwanga mara nne. Ongeza na tundu la f/8, na kivuli cha lenzi yenyewe iliyomkaribia mdudu. Ndiyo maana picha zinatoka nyeusi, mtu anapandisha ISO hadi 6400, zinatoka chembechembe, kisha analaumu lenzi.

Flashi inamaliza habari hiyo. Ikiwekwa kwenye nguvu ndogo, 1/16 au 1/32, inawaka kwa muda mfupi kuliko shata ya kamera yako inavyoweza kwenda, kwa hiyo hata ukitikisika kidogo picha inabaki kali. Ila flashi tupu ni katili. Inaacha doa jeupe linalowaka mgongoni mwa mbawakavu na kivuli cheusi upande wa pili. Mwanga unatakiwa utoke kwenye eneo pana, jeupe, lililo karibu na mdudu. Tengeneza hivi:

1. Chukua boksi la maziwa la lita moja, likate ncha zote mbili ubaki na mrija wa pembe nne. Lipake ndani foili, upande unaong'aa utazame ndani.
2. Upande mmoja uingie juu ya kichwa cha flashi kwa kubana. Flashi ikae juu ya kamera.
3. Upande wa pili ukate kwa mshazari ili mdomo wake uelekee chini, mbele kidogo ya lenzi.
4. Mdomo huo uzibe kwa karatasi nyeupe au karatasi laini ya chooni mbili. Upanue kadiri unavyoweza. Ukipata mdomo wenye ukubwa wa bahasha, umefanikiwa.
5. Piga sarafu. Ukiona doa kali linalong'aa, ongeza tabaka la karatasi. Ukiona giza, panda hadi 1/8.

Maonyo mawili kuhusu flashi. Karatasi isigusane na kioo cha flashi, na usiwashe kwa nguvu zote mfululizo, kwa sababu kioo kinapata moto wa kuunguza. La pili ni zito: flashi mbovu usiifungue. Ndani kuna kapasita inayohifadhi umeme mkali hata betri zikiwa zimetolewa, na inaweza kukuumiza vibaya.

Huna flashi? Basi tumia jua, lakini jua la saa moja hadi saa mbili na nusu asubuhi, au la kuanzia saa kumi na moja jioni. Mtu mmoja ashike kitambaa cheupe chembamba kati ya jua na mdudu, na karatasi nyeupe ya A4 iwekwe upande wa pili irudishe mwanga kwenye kivuli. Jua la saa sita mchana liache kwa kuanikia karafuu.

Ukiwa na simu tu

Simu nyingi za bei ya kawaida zina kamera ndogo ya megapikseli 2 iliyoandikwa makro. Jaribu, lakini usitegemee makubwa. Utapata picha bora ukitumia kamera kuu na kioo cha ziada mbele yake. Vioo vya kubana vinauzwa kwenye maduka ya vifaa vya simu. Chukua cha makro peke yake, si kile kinachochanganywa na cha upana.

Hujapata? Nenda kwa fundi redio umwombe deki ya DVD iliyokufa. Ndani, pale pamesimama jicho linalosoma diski, kuna kilenzi kidogo kama punje ya dengu. Deki iwe haijaunganishwa na umeme kabisa, kwa sababu miale yake ya leza inaharibu macho. Kichokonoe taratibu, kipachike kwenye tundu la kibanio cha nywele, kibandike kwa selotepu katikati ya kamera ya simu. Miwani ya jicho moja ya fundi saa nayo inafaa, ukiishikilia imelala sawasawa juu ya kamera.

Toa kava la simu. Futa kioo. Sogea hadi karibu kabisa, sentimita moja au pungufu kwa kile cha DVD, kisha bonyeza kioo cha simu na ushikilie hadi fokasi ijifunge, ndipo usogee mbele na nyuma. Piga mfululizo. Mwanga wa tochi ya simu nyingine, umefunikwa na karatasi nyeupe, upande wa pembeni, unatosha.

Ile mbinu ya kudondosha tone la maji juu ya kamera ya simu inafanya kazi kweli, lakini simu ikiwa haijazuiwa maji usiijaribu. Kioo cha DVD ni salama zaidi.

Kutoka nje

Toka mapema, umande ukiwa bado upo. Wadudu wakiwa na baridi hawana haraka. Kerengende wa saa kumi na mbili na nusu asubuhi anakuacha umsogelee hadi uhesabu matone kwenye mabawa yake. Ikifika saa tatu ni mwingine. Usimtie mdudu kwenye friji ili atulie. Anaumia, anakaa vibaya, na mwenye jicho anaona kwenye picha kwamba yule hajasimama kama aliye hai.

Sogea chini chini, usinyanyue mkono juu yake, na kivuli chako kisimpitie. Vunjajungu ni mwalimu mzuri wa kuanzia: anasimama, anageuza kichwa, anakutazama. Buibui kwenye utando wake pia.

Maji moto, wale chungu wa kwenye mwembe, ndio ninaowapenda kuliko wote. Watafute pale wanaposhona majani: safu nzima wamekamata ukingo wa jani moja kwa meno, miguu imeng'ang'ania ukingo wa jani jingine, miili imenyooka kama kamba zinazovutwa. Mwingine anapita katikati amembeba mtoto wao mdomoni, funza mweupe, akimgusisha huku na huku, na ni huyo funza anayetoa uzi mweupe wa kushonea. Ukiwa umekuza moja kwa moja na mwanga umekaa vizuri, uzi unauona. Hao hao ndio wanaolinda minazi yetu ya pwani dhidi ya kunguni anayefyonza nazi changa, kwa hiyo usibomoe kiota kwa ajili ya picha. Vaa mikono mirefu, usiegemee shina.

Wa kutomgusa kabisa: yule mdogo mwembamba mwenye pingili nyekundu na nyeusi anayejaa kwenye taa msimu wa mvua. Hang'ati, lakini ukimsaga kwenye ngozi maji yake yanatoa malengelenge kama ya moto. Akitua mkononi mpulize. Dondora na nyuki wapige ukiwa kwenye chakula chao, mbali na nyumba yao. Na kabla ya kulala kifudifudi popote, tazama ardhi, siafu hawatangazi.

Matatizo yanayojirudia

*Naona giza tupu.* Tundu limefungwa hadi mwisho. Rudi hatua ya 2. Kama umelibana sawa na bado picha inatoka giza, umeweka kasi ya shata juu sana.

*Picha ina mkanda mweusi upande mmoja.* Kasi imezidi uwezo wa flashi. Shusha hadi 1/160.

*Katikati kukali, pembeni ukungu.* Kwa kitu cha bapa kama noti au jani, kamera haiko sambamba. Weka kioo kidogo cha kujitazamia juu ya noti; ukiona lenzi yako katikati kabisa ya kioo, umenyooka.

*Nyuma ya mdudu ni nyeusi kama usiku.* Flashi haikufika huko. Sogeza jani nyuma yake, sentimita tano hivi, au tafuta pembe ambayo kuna majani karibu.

*Madoa yale yale kwenye kila picha.* Ni vumbi kwenye sensa, na f/11 inalionyesha kuliko f/4. Washa hali ya kusafisha, elekeza kamera chini, puliza kwa pampu. Usipulize kwa mdomo, na usiguse kwa kitambaa. Nilimpelekea fundi mmoja kamera ya rafiki isafishwe, ikarudi na mkwaruzo kwenye sensa. Tangu hapo nafundisha kila mtu kubadilisha lenzi ndani ya gari au chumbani, madirisha yakiwa yamefungwa.

*Picha ina ukungu mweupe, haina rangi.* Mwanga unaingia kwa mbele. Kile kifuniko ulichotoboa kipake rangi nyeusi isiyong'aa ndani, au kaa kwenye kivuli.

*Fokasi iko, lakini kila kitu kimelainika.* Kagua vitu vitatu kwa mpangilio huu: kioo cha nyuma cha lenzi kina alama ya kidole, tundu liko zaidi ya f/11, au flashi iko kwenye nguvu kubwa ikawaka muda mrefu. Shusha flashi hadi 1/16, isogeze karibu, panda ISO hadi 400.

*Kiwavi hanionyeshi ile Y.* Kichwa chake kimejikunja. Mweke kwenye jani bichi, msubiri dakika mbili aanze kula, kisha mpige kwa mbele akiwa ameinua uso. Kwa yale madoa manne mgeukie mgongo, pingili ya pili kutoka mwisho. Picha hizo mbili, zikiwa kali, ndizo za kumtumia bwana shamba.